Swichi Niliyoibeba Kichwani Ngokolo

(Jina na anuani ya mama huyu tunavyo. Tumevificha kwa ombi lake.)

Wasomaji wenzangu, nisameheni kwa kuchelewa. Ni mwezi wa saba sasa tangu jambo hili litokee, na barua hii nilishaianza mara nne kabla ya leo. Mbili nilizichana mwenyewe, moja Doto aliimwagia uji, na nyingine mume wangu aliisoma. Nitafika hapo.

Nina miaka ishirini na tatu, nimeishia darasa la saba, na nina mapacha wa kike wanaokaribia miaka miwili. Tulikuwa tunakaa Ngokolo, Shinyanga mjini. Sasa niko Nkome kwa shangazi, naanika dagaa. Mume wangu ni fundi wa kufunga umeme majumbani, na kazi yake ndiyo iliyonifikisha hapa.

Umeme wetu ulikuwa wa kukatika, kwa hiyo wenye uwezo walinunua jenereta. Kanuni inasema nyumba yenye jenereta lazima iwe na swichi ya kugeuzia, mafundi wanaiita chenjiova. Mume wangu ndiye aliyenifundisha, enzi zile bado tunacheka pamoja. "Mama Kulwa, umeme wa mjini na wa jenereta ni wake wenza. Chenjiova ndiyo mlango. Akiingia mmoja, mwenzake abaki nje." Bila mlango huo, umeme wa jenereta unatoka kupitia mita, unarudi kwenye laini, ukipita transfoma unapanda nguvu, na fundi aliye juu ya nguzo anakutana nao huku anajua umekatika.

Madukani swichi hizo hazikuwepo. Mume wangu alikuwa nayo moja. Siku ya ukaguzi anaifunga, mkaguzi anasaini, kesho yake anaifungua inakwenda nyumba nyingine. Mwenye nyumba anaachiwa waya wenye plagi pande mbili, moja kwenye jenereta, moja kwenye soketi ya ukutani. Na aliyekuwa akiihamisha swichi ni mimi. Naifunga ndani ya kanga na nepi, naitia kichwani, Kulwa mgongoni, Doto mbele. Wanawake wa bombani wananitania, "Mama Kulwa, wa tatu umemzaa lini?" Nacheka nao. Nilijua ninachobeba na nilijua kinachobaki nyuma. Hiyo ndiyo aibu yangu, sitaki kuizungushia maneno.

Nyumba iliyoleta msiba ilikuwa ya mnunuzi wa dhahabu anayeshinda Geita. Wiki moja baada ya mimi kuichukua swichi pale, umeme ulikatika, yapata saa nne asubuhi. Shija, kijana wa laini wa shirika la umeme, akapanda nguzo iliyo karibu na bomba. Mlinzi wa nyumba ile, Mzee Masanja, akawasha jenereta na kuchomeka waya kama mume wangu alivyomwelekeza.

Nilikuwa nakinga maji. Nikasikia mlio kama nguo nzito inachanika. Shija alikaza mwili wote, mikono imeng'ang'ania waya, moshi ukatoka kwenye soli za viatu. Mkanda ulimzuia asianguke. Alining'inia pale anaungua mpaka akakata roho, na sisi chini tunapiga kelele bila wa kumgusa.

Kisha watu wakasikia jenereta inanguruma. Geti likavunjwa. Mzee Masanja alitolewa kwa miguu, kichwa kinagonga ngazi. "Wanangu, nimeambiwa nichomeke, nimechomeka."

"Na kuua uliambiwa?"

Mawe, mateke, mpini wa jembe. Mume wangu akafika na baiskeli, nikashukuru Mungu, nikajua atawazuia. Akatazama ukutani, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Chenjiova niliifunga hapa kwa mikono yangu, mkaguzi ni shahidi. Huyu mzee ameing'oa akauze." Hapo mpini ulishuka kwenye taya. Nilisikia mfupa.

Swichi saa hiyo ilikuwa chini ya kitanda chetu.

Nilipomwambia tukaseme ukweli, alinichapa kwa waya mpaka sikio la kushoto likatoa damu. Alipoikuta barua alinichapa tena, nikavumilia, maana nimeona wengi wanavumilia. Lakini siku nyingine akamnyanyua Doto kwa mkono mmoja, mtoto ananing'inia analia, akaniambia, "Sema tena uone." Kesho yake alipokwenda kazini niliwabeba wanangu na swichi, nikaondoka.

Mzee Masanja yuko mahabusu, taya limeunga vibaya, anakula uji tu. Kesi yake ni mwezi ujao. Shangazi ananiambia, "Mwanangu, yule keshakula chumvi nyingi, wewe una watoto wachanga." Namheshimu, ila siku niliyoitoa swichi kwenye nyumba ile mzigo ulinielemea, na aliyenitwika ni mzee yule, bila kujua kilichomo, akanipangusa vumbi begani akaniambia nitembee polepole kwa ajili ya watoto.

Nitakwenda mahakamani. Ninachoogopa ni kufungwa na mimi, Kulwa na Doto warudishwe kwa baba yao. Nishaurini niseme vipi na kwa nani kwanza, ila msinishauri kunyamaza. Mwenye uwezo anitumie kupitia ukurasa huu:

nakala ya kanuni ya umeme inayotaja swichi ile, iwe ya Kiswahili ikiwezekana;

jibu la mtu wa sheria, kama mke anaruhusiwa kutoa ushahidi dhidi ya mumewe, na kama aliyebeba tu naye anashtakiwa;

jina la masista wanaopokea watoto wawili pamoja bila kuwatenganisha;

dawa ya sikio linalotoa usaha;

sabuni mche mmoja;

na gauni mbili za watoto wa miaka miwili, zisifanane, ili mlezi asiyewajua awatofautishe kama sitarudi jioni ya kesi.