Mgomba Uliovaa Saa

Mimi sinywi pombe, na siku hiyo sikuwa na homa. Nayasema haya mapema kwa sababu kila ninaposimulia kisa hiki kuna mtu hunisogelea mdomoni kana kwamba ananusa. Nusa ukitaka. Kilichonipata kilinipata mchana, katika kibanda changu mjini Kitale, upande wa njia ya kwenda Kipsongo, na jirani yangu anayeuza viatu vya mitumba alimwona mgeni aliyenijia kwa macho yake mawili. Nenda umuulize. Atakujibu kwa hasira, maana viatu vyake viliharibika.

Kazi yangu ni kutengeneza saa. Najua unachotaka kusema: siku hizi nani bado anavaa saa? Ngoja nikwambie, nimeona mengi kwenye mikono ya watu. Saa ya namba ya kwanza niliyoiona ilikuwa ya baba yetu. Kioo cheusi kitupu, mpaka ubonyeze kitufe ndipo namba nyekundu ziwake kidogo kama makaa, halafu zizime. Ilikula betri vibaya, kwa hiyo baba aliibonyeza kanisani tu, watu wakimwona. Baadaye zikaja za namba nyeusi zisizozima, zikafuata zile zenye kikokotoo ambazo walimu walitunyang'anya, kisha zile za kuimba asubuhi. Simu zilipoingia nikadhani nitakufa njaa. Sasa vijana wananiletea saa zinazopima mapigo ya moyo na kuhesabu hatua, na ukizifungua hukuti cha kutengeneza, ni gundi tu. Sizipendi. Saa inayomjua mtu kumpita mke wake ni ya nini?

Niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya kaka yangu, Wekesa. Alirudi nayo kutoka Uarabuni alikokuwa akilinda lango. Ilikuwa saa ya kiume ya wapiga mbizi, nyeusi, nzito, kamba ya mpira, na pete ya kuzunguka kando ya kioo. Ukizama nayo inakuandikia umeshuka mita ngapi, na ukitoka majini inaihifadhi ile namba ya chini kabisa. Tulimcheka sana. Kwetu ni Kabuchai, kule Bungoma, miwa na mahindi mpaka macho yanapoishia. Utapiga mbizi wapi, kwenye mtaro? Na yeye aliionea huruma hivi kwamba hata akinawa mikono aliivua. Kila saa moja ilipotimia ililia pii-pii, na mama akisikia mlio huo kule jikoni alijua mwanawe yuko nyumbani.

Siku mto Kuywa ulipofurika, mama alimtuma Wekesa akamvushe ndama wake aliyebaki ng'ambo. Saa aliiacha kwenye msumari ukutani, kama kawaida yake. Ndama alirudi peke yake. Watu walitafuta na kamba, wapiga mbizi wakaitwa, polisi wakaja wakasimama ukingoni wakaenda zao. Miezi ikapita. Wazee wakasema boma haliwezi kukaa hivyo na mtu asiye na mahali pa kulala. Kama wewe ni wa Bungoma unajua kinachofuata. Kama si wa huko, basi fahamu kwamba mwili ukikosekana kabisa, hukatwa shina la mgomba, likavishwa sanda, likalazwa ndani ya jeneza na kuzikwa kwa jina la marehemu.

Tulifanya hivyo. Mchungaji alikataa kukaribia kaburi, akatuombea akiwa kule kwenye hema. Baba mdogo ndiye aliyeitoa saa msumarini akalifunga shina nayo, ati huko liendako lijulikane ni la nani. Nilitaka kupinga, saa nzuri vile, lakini nani angenisikiliza siku kama hiyo? Jeneza lilipokuwa linashuka, saa ikalia pii-pii mle ndani. Kisha watu wakatupa udongo wakimuaga Wekesa kwa jina lake, mmoja mmoja, isipokuwa mama.

"Huyo si mtoto wangu," mama alisema. "Siwezi kuita jina."

Toka hapo ikawa kila asubuhi anasimama juu ya kaburi lile, kimya, halafu anateremka mtoni kutazama maji. Chakula alikisukuma kando. Alitaka kitu kimoja tu, apewe mwanawe amzike. Mimi niliogopa sana, nakwambia wazi. Niliona tutamzika yeye kabla hatujampata Wekesa.

Sasa sikiliza. Ilikuwa alasiri, mvua ya Kitale ile ya baridi, stima zimepotea, nimewasha taa ya chaji. Mtu akaja akasimama mlangoni. Mrefu, uso laini usio na kunyanzi hata moja, shati jeupe lisilo na kola wala vifungo. Maji yalikuwa yakimchuruzika, lakini hayakuwa ya mvua. Yalikuwa na matope mekundu. Na kulikuwa na harufu. Umewahi kukata mgomba kwa panga? Ile harufu mbichi ya maji yake, ndiyo hiyo.

Aliweka saa mezani. "Niwekee betri," akasema. "Na ile mpira ya ndani, badilisha pia. Maji inaingia."

Saa za aina ile ziko nyingi, nikajituliza. Nikafungua mfuniko wa nyuma. Sisi mafundi tuna desturi moja: ukifungua saa ya mtu, unakwaruza alama yako ndogo kwa sindano upande wa ndani wa mfuniko, ili ikirudi siku nyingine ujue ni wewe uliyeigusa. Alama yangu ni msalaba wenye mguu uliopinda. Ilikuwa pale. Niliikwaruza mwenyewe Wekesa aliporudi kutoka Uarabuni.

Betri ya zamani ilikuwa bado na uhai kidogo, nikabonyeza kitufe cha kumbukumbu. Saa ambayo mwenyewe hakuwahi kuilowesha ilikuwa imeandika mita saba.

"Hii saa umeitoa wapi?" nikauliza.

"Si mlinivalisha," akajibu. Hakuwa na hasira hata kidogo. "Mlinivalisha, mkanililia."

Ningekimbia, niamini, lakini kibanda changu kina mlango mmoja na yeye ndiye aliyekuwa ameusimamia. Akaendelea kusema polepole, kama mtu aliyejifunza kuongea kwa kutusikiliza sisi siku ile ya mazishi.

"Mlisema mimi ni Wekesa. Nikakubali, ningefanya nini? Lakini mama anakuja asubuhi anasimama hapo juu yangu na haiti jina. Siwezi lala. Mwenyewe bado ako kwa maji. Nimeshuka kumtafuta, nimeshuka sana. Nikimpata nitamrudishia jina yake."

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Ungeita polisi, useme mgomba umeleta saa? Nilimfikiria mama kule ukingoni na tumbo lake tupu, hofu ikanipungua kidogo. Nikafanya kazi. Sijawahi kuifanya kazi kwa uangalifu kama ule. Nilitoa mpira uliochoka, nikapaka mpya mafuta, nikauweka kwenye mfereji wake, nikautazama tena chini ya taa nione kama una upindo. Niliweka betri. Kabla ya kufunika nikakwaruza alama ya pili kando ya ile ya kwanza. Nikamrudishia. Vidole vyetu viligusana, na mkono wake ulikuwa baridi na mzito, na kiganjani hamkuwa na mstari hata mmoja.

"Ako chini ya mwamba," akasema, kama anayeniambia habari za jirani. "Nimeguza mguu. Imebaki kumtoa."

Akatoka mvuani. Jirani yangu akaanza kulalamika kwamba mteja wangu amemchuruzikia viatu vyake, na alikuwa na haki. Palikuwa na madoa ya utomvu wa mgomba, na wewe unajua doa la mgomba halitoki kwa sabuni yoyote. Hata vidole vyangu viwili vilishika rangi ile. Jioni nilimpigia mama. Sikumweleza lolote, niliuliza tu hali. Akaniambia kaburi limebonyea katikati, labda ni fuko.

Maji yalipopungua, vijana wanaochota mchanga walimkuta kaka yangu amelala kwenye ukingo, mbali kidogo na mwamba mkubwa, kama mtu aliyewekwa. Nilienda kumtambua. Sitasema mengi, alikuwa amekaa majini muda mrefu. Lakini jino lake la mbele lilikuwa lile lile lililovunjika tukiwa wadogo. Na mkononi, juu ya kilichobaki, alikuwa amevaa saa. Ililia nikiwa nimesimama pale.

Baba mdogo alikataa katakata. Alisema saa aliifunga kwa mikono yake na iko chini ya ardhi. Basi wazee wakaamuru kaburi lifunguliwe. Jeneza lilikuwa zima, misumari iko mahali pake. Ndani mlikuwa na tope, na sanda ilikuwa imekatwa kipande cha kutosha shati. Shina halikuwapo. Mzee mmoja akasema mgomba huoza upesi, ni maji tu. Sawa. Nikafungua mfuniko wa saa mbele yao nikawaonyesha alama mbili, nikawaambia ya pili niliiweka lini na nilimwekea nani. Baba mdogo alikwenda akakaa peke yake nyuma ya ghala la mahindi.

Tulimzika Wekesa kando ya shimo lile. Mama alimwita jina. Alimwita mara nyingi, kwa sauti ambayo sikujua bado anayo, na jioni ile akala ugali mbele yetu sote. Nikasema moyoni, yamekwisha.

Hayakwisha. Saa ninayo mimi, mama alisema mwanawe hakuwa mtu wa kwenda nayo majini, ikae kwangu. Imetundikwa kibandani na siiuzi. Msimu wa mvua uliofuata, alasiri kama ile, harufu ikaja kabla yake. Akasimama mlangoni. Shati lilikuwa limechakaa. Alitazama saa pale ukutani, wala hakuiomba.

"Nimemrudishia jina," akasema. "Sasa mimi naitwa nani?"

Alisubiri. Uso wake ule laini ulinitazama vile mtu anavyomtazama wa nyumbani kwao, na aibu niliyoisikia wakati ule ilikuwa kubwa kuliko hofu. Sisi ndio tuliomkata shambani alikokuwa amesimama kimya. Tulimvisha, tukamlilia, tukampa na mama. Baadaye akatufanyia kazi ambayo polisi na kamba zao walishindwa. Alipoona sina jibu, akageuka akaenda.

Mama sijamwambia. Namjua. Atasema aletwe nyumbani, atampa jina, na jina likishatoka kinywani mwa mama mimi nitakuwa na ndugu nisiyejua nimfanye nini. Kwa hiyo wingu likijikusanya upande wa Mlima Elgon mimi hufunga kibanda, hata kama wateja wapo. Vidole vyangu hivi hapa, doa bado liko.

Nawe, kama boma lenu limefika mahali pa kuzika mgomba, zikeni, siwakatazi. Lakini msiufunge saa, na mnapotupa udongo muuite mgomba. Msiuambie kwamba ni mtu wenu. Utawaamini, na siku moja utakuja kuuliza.