Pikapu Isiyochemsha

Siku Edmund Sanga alipoileta pikapu yake mpya Songea, Hironimus Mbawala aliizunguka mara ngapi sijui, akaipapasa bodi, akalala chali chini yake kuangalia springi, kisha akainuka na tabasamu la bwana harusi. Masikini! Laiti angejua, angemrudishia tajiri wake ufunguo palepale na kuomba jembe.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka yaliyozoea kuuza viberiti na upepo yalianza kujaa mitumba, betri na sabuni za kunukia, na mtu mwenye akili ya biashara na roho ngumu aliweza kuinuka upesi. Edmund alikuwa navyo vyote viwili. Alitoka Makete na begi moja la nguo, akafungua duka mjini, na kila wiki akawa anapeleka maharage Makambako na kurudi na bidhaa. Dereva wake tangu mwanzo alikuwa Hironimus, mwenyeji wa Lizaboni hapohapo Songea, mtu wa kanisani kila Jumapili, ambaye alikuwa ameendesha lori kuukuu la tajiri huyo mpaka nywele zikaanza kumnyonyoka.

Lori lile lilikuwa adhabu. Lilinguruma hivi kwamba dereva na utingo wake walizungumza kwa kupigana vibao vya bega. Joto la injini lilipanda likakupika miguu. Usukani wake ulikuwa wa kupigana nao, na kiti kilikuwa ubao uliovishwa gunia. Halafu lilichemsha. Lilichemsha Gumbiro, likachemsha Madaba, na kule kwenye vilima vya Lukumburu lilichemsha hata likitazamwa vibaya. Kila lilipochemsha, Hironimus alishuka, akafungua boneti, akatafuta kivuli, akajinyoosha na kuuchapa usingizi hadi rejeta ipoe. Safari ya Makambako ilikula siku mbili, pengine tatu, na hakuna aliyeuliza. Gari bovu, utafanyaje?

Pikapu haikuchemsha, na balaa lote lilianzia hapo.

Usukani wake uliuzungusha kwa kidole kimoja. Ilikuwa na redio ya kaseti na kiyoyozi, na ukishafunga vioo hukusikia tena upepo wala injini, ila mtetemo mdogo mgongoni. Kiti kilikupokea mzima mzima. Tangi moja lilikwenda Makambako na kurudi, na mafuta yakabaki.

"Gari hili halinywi," Edmund aliwatambia wateja wake kaunta. "Linalamba tu!"

Na kwa kuwa halinywi wala halichemshi, aliona hakuna sababu ya dereva kulala njiani. Hironimus atoke alfajiri, ashushe maharage, apakie bidhaa, na jioni awe Songea. Utingo naye akaachishwa, kwani wa kazi gani? Hironimus akabaki peke yake ndani ya kile chumba baridi chenye magurudumu, na barabara ya lami mbele yake.

Mara ya kwanza ilikuwa mchana, amekwisha ipita Madaba anarudi. Kaseti ya kwaya ilikuwa inaimba polepole. Aliposhtuka, magurudumu ya kushoto yalikuwa yanakwaruza changarawe na kichuguu kikubwa kilikuwa kinamjia usoni. Alikata usukani, akakanyaga breki, akasimama akiwa ameelekea alikotoka. Alishuka, akakagua matairi. Hakukuwa na mtu. Alijiambia ni uchovu, akaondoka, na hakumwambia yeyote.

Wiki iliyofuata ikawa vilevile, na iliyofuata pia. Mwanamume aliyeendesha gari nusu ya maisha yake bila kupinduka alikuwa anazidiwa na usingizi kama mtoto mchanga mgongoni. Ndipo woga ukamwingia, woga wa kweli.

Alihangaika. Alizima kiyoyozi na kufungua vioo vyote. Alitupa kaseti za kwaya chini ya kiti akawa anaimba mwenyewe, tena kwa kelele, na bado kabla ya kumaliza wimbo alijikuta anaota. Alitafuna buni mbichi mpaka tumbo likamuuma. Alijipaka pilipili chini ya macho. Akalia machozi kutoka Lukumburu hadi Gumbiro, na huku analia kichwa kinadondoka. Mwishowe alitafuta kipande cha ubao wa mninga, akakiweka juu ya kile kiti kizuri, akakikalia. Kilimsaidia safari mbili hivi. Safari ya tatu Edmund alifungua mlango akakiona.

"Shikamoo, mzee Mbawala," alianza kwa heshima, maana Edmund hata akikasirika hakusahau salamu. "Hiki nini?"

"Marahaba, tajiri. Mgongo tu. Kiti laini kinanisumbua."

"Nimekununulia sofa, wewe unakalia mbao!" Edmund alicheka, akautupa ubao uani. "Na vioo unafungua vya nini? Vumbi lote hili! Funga vioo, mzee, ustarehe. Umeteseka sana na lile lori."

Alisema kwa moyo mweupe. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi Hironimus.

Kwa nini hakusimama kando ya njia akalala kidogo? Alisimama. Lakini usingizi wa kiti kile haukuwa na kidogo. Alifumba macho kidogo tu, akafumbua jua linazama. Alifika Songea usiku akasema pampu ilisumbua. Akarudia wiki nyingine, akasema waya. Edmund akampelekea gari fundi, na fundi akalifungua, akalifunga, akasema gari halina hata mafua. Tangu siku hiyo Edmund alimnusa mdomo kila alipoingia. Alidhani analewa ulanzi.

"Ukichelewa tena, mzee wangu," alimwambia, "ufunguo nitampa Ramson."

Ramson alikuwa dereva kijana asiye na gari, anashinda barazani pa duka akitazama. Hironimus alifika nyumbani siku hiyo akakaa kitandani na viatu miguuni.

"Mwambie ukweli," alisema mkewe, Kunegunda. Yeye peke yake ndiye aliyejua. "Mwambie usingizi unakushinda."

"Dereva anayeshindwa kukaa macho, Mama Ima, si dereva tena. Nani atanipa gari? Nitarudi kufanya nini? Watoto wawili bado wako shule."

"Na ukifa?"

"Nikifa mimi tu, sawa."

Kunegunda akaenda jikoni kusonga ugali.

Kwa sababu hiyo ya "mimi tu," Hironimus aliacha kupakia watu. Zamani za lori hakuna aliyenyoosha mkono barabarani akaachwa. Alibeba wagonjwa, wanafunzi, masista, maharusi, na majeneza aliyabeba bila kuombwa mara mbili. Sasa alipita. Watu walipunga khanga, walipiga mluzi, walikimbia na vikapu, naye alipita vioo vimefungwa akitazama mbele. Habari zilimfikia haraka: Hironimus wa siku hizi ana kiburi cha pikapu. Kanisani mzee mmoja aliyekuwa rafiki yake alimpa mkono wa amani huku anatazama pembeni. Angemweleza nini? Kwamba nakupita kwa sababu nakupenda? Jumapili iliyofuata alisali nyuma kabisa karibu na mlango.

Kisha Imaculata, binti yake wa kwanza, mwalimu kule Madaba, akatuma salamu. Shule zinafungwa Ijumaa. Atamngoja baba barabarani na mtoto wake Brigita, waje nyumbani wapumzike.

"Mpakie," alisema Kunegunda. "Akikaa pembeni atakusemesha, hutalala."

Hironimus alikubali. Wiki nzima alijipa moyo. Alhamisi alilala mapema jua likiwa bado juu, akajifunika blanketi, na usingizi, mshenzi yule, haukuja mpaka usiku wa manane.

Ijumaa alishusha maharage Makambako, akapakia mitumba na katoni za sabuni, akafunga turubai, akageuza. Kwenye kona za Lukumburu alisinzia mara ya kwanza. Akaamshwa na honi ya basi lililopita limemkosa kwa unyoya. Alisimama, akajimwagia maji ya dumu kichwani, akajipiga makofi, akaendelea. Bado hajatoka kwenye vilima, akasinzia tena. Safari hii hakuna honi. Alifumbua macho akaona yuko upande usio wake wa barabara, na hakujua amekuwa huko tangu lini.

Akaikaribia Madaba. Akawaona. Imaculata amevaa gauni la kijani, begi miguuni, Brigita mgongoni kafungwa kitenge chekundu. Imaculata alikwisha iona pikapu. Alikuwa anamwonyesha mtoto kwa kidole, na mtoto anapunga vimkono vyote viwili.

Mguu wa Hironimus ulikwenda kwenye breki. Aliapa baadaye kwamba ulikwenda. Halafu aliona jinsi itakavyokuwa: Imaculata ataongea mpaka wapi? Naye amechoka, amesahihisha mitihani wiki nzima, kiti ni kilekile, ubaridi ni uleule. Watalala wote watatu. Mguu ukahama. Alikanyaga mafuta, akawapita, na kwenye kioo cha pembeni akamwona binti yake ameshusha mkono, amesimama.

Alilia. Haya hayakuwa machozi ya pilipili. Alilia kwa sauti humo ndani mlimofungwa, na kwa sababu ya kulia akafika Songea yu macho, jioni kabisa kama tajiri alivyotaka. Edmund alifurahi, akampigapiga mgongo, akamwambia alale na gari na ufunguo kwake, maana kesho kuna mzigo wa haraka, alfajiri tena.

Imaculata aliingia Lizaboni jua linazama, amepanda lori la mahindi juu ya magunia. Vumbi limemjaa hadi kope. Alimwamkia mama yake. Kwa baba yake alipita kwanza bila salamu, akamshusha Brigita mgongoni, ndipo akamgeukia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Ulituona?"

"Niliwaona."

Kunegunda alitaka kuingilia, Hironimus akamzuia kwa mkono. Akamweleza binti yake yote, tangu kile kichuguu mpaka basi la Lukumburu. Alieleza akiwa na matumaini, nasema kweli, karibu na fahari. Alidhani amemwonyesha upendo usio na mfano: heri unione baba mbaya kuliko nikuue.

Imaculata alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu, kama anayeuliza swali darasani, "Kwa hiyo sisi hukutupakia usije ukatuua."

"Ndiyo, mama."

"Na wale watoto wa shule uliowapita Gumbiro? Leo shule zote zimefungwa, baba. Wamejaa barabarani na madaftari yao. Wale uliwapitaje?"

Hironimus alijaribu kuwakumbuka watoto wa Gumbiro. Alijaribu kweli, akakunja uso, akatafuta sare, mwendo, rangi yoyote. Hakuwakumbuka. Hakukumbuka Gumbiro yenyewe. Kutoka yale machozi hadi mwanzo wa mji hapakuwa na kitu chochote kichwani mwake, ila mtetemo mdogo wa kiti.

Alisimama, akatia mkono mfukoni, akahakikisha ufunguo upo. Hakuaga. Aliiwasha pikapu? Hapana. Aliiacha pale nje ya nyumba, akatembea kwa miguu mpaka dukani.

Edmund alikuwa anafunga milango.

"Tajiri, chukua ufunguo wako. Usingizi unanishinda. Nilitoka barabarani Madaba, nikatoka tena, leo nimetoka mara mbili. Leo nimeipita Gumbiro nimelala."

Edmund alianza kucheka, akaona uso ule, akaacha. Alirudi nyuma hatua moja.

"Tangu lini?"

"Tangu pikapu ije."

"Miezi yote hiyo? Mzee, ungeniambia!"

"Ningekuambia, ungenifukuza."

Edmund alifikiri. Hakuwa mtu mwongo.

"Ndiyo," alisema. "Ningekufukuza."

Edmund alipokea ufunguo, akageukia barazani akamwita Ramson, akampa ufunguo na maelekezo ya mzigo wa kesho na mahali gari lilipo: utoke alfajiri, ushushe, upakie, jioni uwe hapa. Ramson aliitika kila neno akichekelea, macho yameng'aa.

"Kijana," Hironimus alimwambia, "kiti kile…"

"Nakijua, mzee! Sofa!" Ramson alijibu, na huyo, akaondoka mbio kwenda kuichukua.

Hironimus akashika njia ya kurudi Lizaboni, mikono mitupu, hajui atamwambia nini Kunegunda kuhusu kesho wala keshokutwa. Giza lilikuwa linaingia. Hajafika nyumbani akaona mwanga unakuja mbele yake, hakusikia mlio wowote, akajua ni pikapu. Aliondoka kandokando ya lami, akaingia kwenye majani, akaendelea kuingia mpaka yakamfika kiunoni, akasimama humo hadi gari lipite.