Kombe la Rex

Jirani yangu Rex Hentschke ana kombe la fedha kabatini. Alipewa ujanani kwa kufyeka mikaratusi mingi kuliko mkulima yeyote huku kwetu kando ya mto Murray, Australia, mto unaonywesha hata jiji la Adelaide. Trekta mbili, mnyororo mzito katikati, msitu chini. Tulimpigia makofi, wajinga sisi! Mizizi iliyokuwa ikinywa mvua ilipokwisha, maji ya ardhini yakapanda na chumvi yake, yakaanza kuvujia mtoni.

Sasa serikali imechimba visima ukingoni. Pampu zinayavuta maji hayo kabla hayajafika mtoni na kuyamwaga kwenye shamba la Rex, yatuame kama ziwa, jua liyakaushe. Palipokuwa na ngano pana ganda jeupe la chumvi.

Juzi binti yake, Lynette, alikuja na mumewe kutoka Adelaide.

"Mzee, maji ya bomba kwetu mjini siku hizi matamu kweli," mkwe akasema. "Na ziwa lako hilo, lina samaki?"

"Wapo. Wameshatiwa chumvi, bado kukaangwa tu."

Mkwe akacheka peke yake. Lynette akauliza taratibu shamba litakuwa la nani.

"Lenu, mwanangu. Maji matamu mnakunywa tayari, na chumvi chukueni. Kombe nizikeni nalo."