Siku Nilipowakaangia Majirani Yai

Cheka ukimaliza kusoma, lakini kuku siuzi.

Mimi ni mzaliwa wa mtaa wa Tassia, hapa jijini, na mwaka huu niliapa kwamba watoto wangu watajua kujilisha. Tukaanza na kuku sita juu ya paa la ploti, jengo la ghorofa tunalopanga. Mama yangu akaja kutoka Bungoma, akamfundisha binti yangu Nekesa kazi yote. Mimi nilikuwa pale pale, nikipiga kuku picha na kuwatumia marafiki.

Jumamosi keateka, msimamizi wa ploti, akasema kuku wananuka, waondoke. Sikukubali. Nikamwita yeye na majirani juu ya paa, nikawasha jiko, nikatoa hotuba ndefu kuhusu kujitegemea.

"Yai likitoka kiotani, moja kwa moja kikaangoni!" nikasema, mkono ukiwa tayari kwenye kiota.

"Baba, si hilo," Nekesa akaninong'oneza.

"Kwani nani mfugaji hapa?"

Nikaligonga. Halikumwagika. Nikaligonga tena kwa nguvu, ganda likabanduka, yai likabingirika kwenye mafuta, jeupe, limeiva.

"Kumbe wanataga mayai boilo!" akasema Mama Njeri, jirani wa chini. "Na kachumbari iko wapi?"

"Hilo ni la kudanganyia kuku," Nekesa akawaeleza. "Nyanya alisema tuache moja lililochemshwa, ndio wasihame kiota. Baba alikuwepo."

Keateka akajifuta machozi ya kicheko.

"Kuku wabaki," akasema. "Lakini nikiwa na swali, nitamuuliza Nekesa."