Dhamana ya M'Ikiara

M'Ikiara, karani Mmeru wa karantini ya mifugo hapa Isiolo, alikuwa mtu wa karatasi. Hata kuku wa mkewe walikuwa na faili. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa alipojiteua mpangaji wa chakula cha jioni cha kila Desemba, kilichokusanya marafiki wanne walioanza kazi pamoja wakichunga ng'ombe wa serikali. Wengine walikuwa Ephantus, sasa mwenye duka, Lobokat, mlinzi, na Gedi, mfugaji wa Kiborana.

Kisu kilikuwa cha Gedi kila mwaka, kwa sababu ndiye Mwislamu. Akichinja yeye, wanakula wote. Akichinja mwingine, yeye hali. Jambo hilo halikuwahi kujadiliwa, kama vile hakuna anayejadili nani atangulie kunawa.

Basi vita vya Shifta, waasi wa kaskazini waliotaka kujitenga na Kenya, vikaja na kafyu ya saa kumi na mbili, chakula cha jioni kikahamia mchana. M'Ikiara aliendelea kukiita cha jioni, na ole wako umsahihishe. Lakini mwaka wa sitini na sita Gedi alihamishwa na serikali pamoja na jamaa zake wote, kwa kushukiwa kuwasaidia waasi, wakafungiwa katika kijiji cha seng'enge upande wa Garba Tula, mifugo yao ikafia hapo kwa kukosa malisho.

M'Ikiara akashika kalamu. Aliandika barua tano, kila moja na nakala tatu: "Namdhamini Gedi kwa kazi yangu na nyumba yangu. Akisema atafika, hufika." Mwishowe jibu likaja. Gedi amepewa siku moja. Aje na lori la posho, arudi nalo saa kumi. Mwezi mzima M'Ikiara alitusomea jibu hilo, hata sisi majirani tuliokuwa tumekuja kuazima chumvi.

Siku yenyewe, lori lilitarajiwa saa tano. Saa saba ilipita.

"Mzee, huyo hakuji," Ephantus akasema. "Wewe ukifunguliwa seng'enge, utakuja kula mbuzi? Saa hii ako msituni."

"Gedi namjua," M'Ikiara akajibu. Lakini alikuwa ameanza kutazama barabara kwa jicho lingine. Kazi yake na nyumba yake vilikuwa kwenye barua ile, kwa mwandiko wake mzuri. Saa nane akasimama. "Lobokat, chinja. Askari wakikuja watupate tunakula. Wasitupate tunangoja mtu."

Lobokat akamtazama kidogo, kisha akachinja.

Mbavu zilikuwa zimeanza kuiva lori liliposimama nje. Gedi akashuka, amekonda, shuka yake imefuliwa ikang'aa.

"Salaam aleikum. Tairi ilipasuka njiani, pale Kula Mawe," akasema, akiwashika mikono mmoja mmoja. "Kisu yangu walichukua huko kambini. Nipeni yenu nichinje haraka, lori inarudi saa kumi."

Harufu ya nyama ilikuwa imejaa ua wote. Gedi akageuka, akaona moto.

"Nani alichinja?"

"Mimi," Lobokat akasema.

"Mimi ndiye nilimwambia," M'Ikiara akasema. "Tulifikiri..."

"Mlifikiri nimetoroka." Gedi akaketi kwenye kigoda. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. "Barua yako afisa alinisomea mbele ya watu wote. Wakaniambia, Gedi, uko na bahati. Kuna Mmeru anakuamini hivyo."

Mke wa M'Ikiara akaleta chai. Gedi akanywa vikombe vitatu, akauliza habari za watoto, akawahimiza wenzake wale, nyama isiharibike. Miezi saba alikuwa hajaonja, akasema, na siku moja zaidi haiui mtu. Ephantus alijaribu ubavu mmoja, ukamshinda. M'Ikiara hakugusa kitu. Nami, niliyekuwa nikitazama kutoka kwetu, sikumhurumia.

Kabla ya saa kumi, bila kuitwa, Gedi akapanda juu ya magunia ya posho. M'Ikiara akamfuata hadi kwenye lori, akashika ubao wake.

"Gedi, mwaka ujao nitaandika mapema. Nitaanza mwezi wa nane."

"Usiandike," Gedi akasema. "Wewe ningoje tu."