Waya Uliogawanywa Matangani

Tulipomaliza matanga ya baba, wazee wa ukoo walikaa uani kwetu Ipogolo, Iringa, kugawa vitu vyake. Makoti yakaenda, baiskeli ikaenda, mwisho ukafika muziki wake. Deki ya kaseti pamoja na kaseti zote nikapewa mimi, mtoto wa kwanza. Amplifaya akapewa baba mdogo, spika akapewa shangazi. Ubishi ulizuka kwenye waya uliotoka kwenye deki kuingia kwenye amplifaya. Baba mdogo aliona ukibaki upande mmoja, wa upande wa pili atakuwa amepunjwa.

"Kila mashine iende na mkia wake," akasema, akaukata katikati kwa kisu cha jikoni.

Wazee wakaridhika kwamba haki imetendeka. Mimi nilitaka kupiga kelele kwamba ule waya unachomoka pande zote mbili, hauna haja ya kisu, lakini nani anamfokea baba yake mdogo matangani? Nikameza hasira, nikafungasha deki yenye kipande cha mkia kinaning'inia, nikarudi nayo kwangu Uyole, Mbeya.

Waya ndio ugonjwa wangu. Wenzangu Jumamosi wanaangalia mpira, mimi niko mezani nakata ncha za kiwandani, nalehemu pini nyingine, kisha nasikiliza kama mwimbaji amesogea karibu. Mke wangu anasema nimeoa shaba. Acha aseme.

Siku moja mama akanipigia simu.

"Mwanangu, sauti ya baba yako imenipotea."

Nilidhani anazungumzia kaseti. Nikamwambia kaseti zote ninazo.

"Siyo kaseti. Sura yake ninayo, picha iko ukutani. Lakini nikifumba macho nimsikie, hamna kitu. Mwenzako naogopa."

Mama hakuwahi kuniambia kwamba anaogopa, hata siku ile tunashusha jeneza. Nilikaa kwenye kochi na simu mkononi.

Dawa niliiona palepale. Baba alikuwa mwalimu wa kwaya kanisani, na mazoezi yote aliyarekodi: anatangaza wimbo, anawakaripia besi, anacheka. Sauti ilikuwepo, tena tele. Nilichotakiwa kufanya ni kuunganisha upya alichokitenganisha baba mdogo. Nikapanda basi la Iringa na deki mapajani. Baba mdogo aliitoa amplifaya kwa shingo upande, akaniapisha nitairudisha. Shangazi alikuwa amezifanya spika stendi ya televisheni. Alizitoa, akazifuta vumbi kwa kanga aliyojifunga.

Waya mpya madukani ulikuwepo. Lakini huo ukiuchana utakuta nyuzi chache tu ndani, na ukiupachika spika zinavuma. Sikutaka baba azungumze kutoka ndani ya mzinga wa nyuki. Kipande changu kilikuwa cha shaba nzuri, na kwa deki na amplifaya zilizokaa jirani kilitosha. Nikakaa kwenye meza ya mama, nikamenya ganda, nikausokota pembeni ule wavu wa shaba unaozunguka waya wa katikati, nikalehemu. Nilipomaliza pini ya kwanza nikaona kifuniko chake kimelala mezani. Kilitakiwa kuvishwa kwenye waya kabla ya kulehemu. Nikakata, nikaanza upya. Nikajaribu, spika ya kulia ikawa bubu: unyuzi mmoja wa ule wavu, mwembamba kuliko unywele, ulikuwa umegusa katikati. Nikakata tena. Kila nikikata waya unazidi kuwa mfupi, na mama amekaa pale amejifunga kitenge chake cha kanisani, kama anayesubiri mgeni.

Mara ya tatu ulikubali. Nikaweka kaseti. Kwanza kikohozi, kisha benchi likaburutwa, halafu baba akasema, "Sauti ya pili, mnalala. Tuanze tena." Hakukuwa na mvumo hata kidogo. Alikuwa pale kati ya spika mbili, mzima, na pumzi zake. Machozi yalinitoka, na sioni aibu kusema kwamba nilijisikia fundi.

Mama alisikiliza upande mzima wa kaseti mikono ikiwa mapajani.

"Asante, baba," akaniambia. "Umehangaika. Lakini siyo yeye."

"Mama, ni yeye. Huyo hapo anacheka."

"Huyo ni mwalimu wa kwaya. Hata mimi pale nilikuwa namwita mwalimu. Mimi namtafuta yule aliyekuwa ananisemesha Kihehe."

Nikaelewa, na ikaniuma. Sisi watoto tulikulia Mbeya, baba alikokuwa kazini, kati ya Wasafwa na Wanyakyusa, na wazazi wetu walitulea kwa Kiswahili ili tusichekwe shuleni. Kihehe walibaki nacho wenyewe wawili, chumbani, kwa sauti ya chini. Huko nani angepeleka kinasa sauti? Nilizigeuzageuza zile kaseti huku nikijua zote ni za kanisani, zote ni Kiswahili. Hakuna waya duniani ambao ungeitoa sauti isiyokuwemo.

Mama akavuta kiti karibu yangu.

"Watu wanasema umerithi sauti yake," akasema. "Basi nisemeshe wewe. Hayohayo machache unayoyajua."

Akafumba macho. Nilitafuta kichwani, nikakuta salamu peke yake.

"Kamwene," nikasema.

Uso wake ukalainika. "Kamwene," akaitikia kwa sauti ya msichana ambayo sikuwahi kuisikia, na bila kufumbua macho akasubiri niendelee.