Korongo Aliyezoea Kusemeshwa

Eliaichi wa Kirua Vunjo, tuliyezoea kumwita Mama Tito, alikuwa mbishi wa kumchosha hata mchungaji wake, ila ndama akikataa kunyonya, akishikwa na yeye ananyonya. Ndiyo maana kituo chetu cha kulelea korongo wenye taji, huku Rau, kilimchukua. Korongo hao wanakwisha. Tuna jozi moja iliyonyang'anywa wauza ndege, na mayai mengine hutuletea wakulima wa mpunga wakikuta kiota kimetelekezwa.

Kulea kwenyewe kuna sheria moja: unajifunika shuka mpaka miguuni, unalisha kwa koleo ndogo ya kubania, na husemi neno. Kifaranga akizoea watu, porini hana maisha.

Sasa mwambie mwanamke aliyefuga ng'ombe wa ndani miaka thelathini anyamaze mbele ya kiumbe kinachokula. Kwetu ng'ombe anaamkiwa kabla hajapewa majani. Eliaichi alijitahidi siku saba. Siku ya nane kifaranga mmoja akagoma kula, shingo imelegea, nikamsikia mama wa watu chini ya shuka akimbembeleza kama mtoto: "Kula, mae. Kula kidogo tu."

Akala.

"Mama Tito, utatuponza," nilimwambia tulipotoka nje.

"Angekufa. Wewe ungemzika?"

Nikacheka, yakaishia hapo. Akawa anamsemesha kila asubuhi, na yule ndege akawapita wenzake kwa urefu. Nilimpenda, sikatai.

Tulimwachia Agosti kwenye majaruba ya mpunga, ana pete mguuni yenye namba yetu ya simu. Wiki ya pili tukapigiwa simu kutoka eneo la Kwa Sadala. Mzee Ebenezeri, mkulima mpole, alitupokea kofia mkononi. Alikuwa amemfunga korongo kwenye mgomba ili wajukuu wamwone. Ndege alivutana na kamba mpaka mguu ukavunjika, na sasa alikuwa ndani ya gunia, amekufa.

"Sikumkimbiza," mzee alisema. "Nilimsemesha tu, akaja mwenyewe mpaka mkononi."

Eliaichi alikaa chini palepale, kwenye samadi, akalia.

Jumatatu kwenye kikao alieleza kosa lake lote bila kuulizwa, ila mimi hakunitaja. Daniel, mkuu wetu, alimwachisha kazi, kisha akanigeukia mimi niliyekuwa naye zamu. Nilikuwa najua?

Eliaichi alikuwa ananiangalia. Nikajibu sikujua, tena haraka.